Mcheza Kwao Hutunzwa?

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Nikiitazama safari ya marehemu Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang', sina budi kuuliza: sisi wanafunzi wa Kiswahili tumemtunza vipi?

Kwa miongo kadhaa Wanjau aliigiza katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya shirika la utangazaji la taifa. Wengi waliamini kwamba Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, alikuwa mkewe wa ndoa. Uzeeni, macho yalipomfifia, wananchi walichangishana fedha ili atibiwe. Aliaga dunia jijini Nairobi mwezi wa Julai, mwaka wa 2015.

Wananchi basi walijitahidi kumtunza. Ni wasomi tuliozembea.

Wanjau alikuwa Mkikuyu, ilhali mhusika wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ambamo sauti 'sh' huelekea kuwa 's'. Aliidumisha lafudhi hiyo ya kuigiza mwaka baada ya mwaka, hata watazamaji wakasahau kuwa ni sanaa. Ni mwandishi gani tunayemsoma darasani ambaye hangetamani mhusika aliyekubalika kiasi hicho?

Wapo wanaodai kwamba vichekesho vya aina hii viliharibu Kiswahili. Sikubaliani nao. Mtazamaji hawezi kucheka matamshi yaliyopotoka asipoyajua yaliyonyooka. Isitoshe, katika Vioja Mahakamani, sajili rasmi ya hakimu na kiongozi wa mashtaka iligongana na usemi wa mshtakiwa wa mtaani. Mimi mwenyewe nilizizoea istilahi za mahakama mbele ya runinga kabla ya kukutana nazo katika kitabu chochote. Nakiri kwamba kuigiza lafudhi za makabila kunaweza kukuza dharau. Hata hivyo, hilo ni swali la kutafitiwa, wala si kisingizio cha kunyamaza.

Nilipopendekeza kuandika tasnifu kuhusu vichekesho vya runinga, msomi mmoja aliniuliza, "Hiyo nayo ni fasihi?" Swali hilo lilinikera, kwani tunakubali tamthilia ikiwa imepigwa chapa, tukaikana inapotamkwa na kuonyeshwa. Je, fasihi simulizi tunayoitukuza haikuishi kwa sauti na mwili wa mtendaji?

Wanafunzi wenzangu, waigizaji wa kizazi hicho wanazidi kupungua. Tuwahoji waliosalia, tunukuu mazungumzo ya vipindi vyao, tuhimize idara zetu zihifadhi kanda na miswada iliyopo. Mwigizaji hufa na sauti yake iwapo hakuna aliyeiandika. Machozi ya mazishini yalikwisha kauka. Utunzaji uliobaki ni wa kalamu, na kalamu hiyo imo mikononi mwetu.