MICHE YETU INAKUFA KWA KIU



Naomba nafasi katika jarida letu nitoe yaliyo moyoni kuhusu mboga tunazopanda kwenye magunia huku Kibera, kuanzia Kianda hadi Gatwekera. Wengi husema hazistawi kwa sababu mbegu ni mbaya au udongo umechoka. Mimi sikubaliani nao. Naonelea kwamba miche yetu inauawa na kiu, tena katika wiki mbili za kwanza.

Wasomaji wapenzi, kilimo cha magunia kilienea sana Kibera mwaka wa 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, wakati shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowapa wakazi miche na kuwafunza kazi hiyo. Gunia hujazwa udongo na mbolea, katikati husimamishwa nguzo ya mawe ya kupitisha maji, kisha sukuma wiki na spinachi hupandwa juu na ubavuni. Ni werevu mkubwa kwa mtu asiye na hata futi moja ya shamba.

Lakini gunia hukauka upesi kuliko shamba, kwani jua na upepo hulipiga pande zote. Mche nao una mizizi mifupi. Sukuma iliyokomaa hutafuta unyevu chini, bali mche hunywa pale juu tu, mahali panapokauka kwanza. Isitoshe, unapong'olewa kitaluni mizizi mingine hukatika. Ukikosa maji, mche hufunga vitundu vya majani yake ili usipoteze kile kidogo ulicho nacho. Vitundu vikifungwa, hewa ya kaboni haiingii, na bila hewa hiyo mmea hauwezi kujitengenezea chakula. Ndiyo maana utaona mche uko hai lakini umedumaa, majani madogo na magumu. Dania nayo hukimbilia kutoa maua kabla hujaichuma.

Sasa tazama maji yetu yanavyokuja. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a. Mvua ikipungua huko, mgao unaanza huku, kama ilivyokuwa mwaka wa 2017. Mtungi wa lita 20 tunaonunua nao hupanda bei. Hapo mama atapika ama atamwagilia sukuma? Jibu unalijua. Miche ikifa, mboga zinanunuliwa kibandani, na pesa zinatoka mfuko ule ule ulionunua maji.

Kuna watakaosema basi tuache kupanda, maji ni ya kunywa. Hapana jamani! Mche hauna haja ya mtungi mzima Jumamosi halafu ukae na kiu hadi Jumamosi nyingine. Unataka kidogo kila jioni. Maji yaliyoosha mchele na mboga, pamoja na ya kusuuzia vyombo, yanaweza kulisaidia gunia moja, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo. Maji ya mtaro yasiguswe kabisa, yana uchafu wa choo. Tufunike udongo kwa majani makavu, tuikinge miche na jua la adhuhuri siku za kwanza, na mvua za masika zikianza, tuyatege maji ya mabati kwa pipa.

Hata hivyo, werevu wa nyumbani una mwisho wake. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Wale wanaokuja kutugawia miche na kupigwa picha wangeuliza kwanza: wiki hii mfereji unatoka? Kama hautoki, heri walete pipa.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Nasi tuuwahi mche ungali hai.

Ni mimi,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.