Dalali na Dalili: Karatasi ya Mauzo ya Chombo Iandikwe kwa Kiswahili

Wahenga walinena kuwa kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni pale chini kabisa ambapo maji yavujayo hujikusanya hadi yafuliwe. Darasani tumezoea kuifasiri methali hii kama fumbo juu ya mtu atangatangaye na mwishowe akarejea kwao. Fasiri hiyo haina kosa. Hata hivyo, kwa mtu anayenunua mashua iliyokwisha kutumika, maneno hayo si fumbo hata chembe. Ni maelekezo ya kazi. Tazama nyuma, tazama mbele, lakini hukumu yako itoke ngamani. Swali la makala haya ni hili: ikiwa maarifa ya chombo yamo katika lugha yetu kwa utimilifu kiasi hiki, mbona karatasi inayoamua haki ya mnunuzi aghalabu huwa haina hata neno moja la maarifa hayo?

Tuanze na dalali, kwa kuwa ndiye alaumiwaye zaidi. Kutoka Lamu hadi Vanga, mwenye chombo cha kuuza hana haja ya kukaa ufuoni akimsubiri mnunuzi. Humwambia dalali. Dalali ndiye ajuaye ni chama kipi cha wavuvi kimeweka akiba, ni vijana gani wamepata mkopo, na ni mashua ya nani iliyokaa mchangani tangu kusi ilipoanza kuvuma. Bila yeye, mvuvi wa Gazi hangejua kuwa Kizingitini kuna chombo kinachomfaa. Ujira wake hupatikana mauzo yakitimia, na ikiwa umekadiriwa kwa sehemu ya bei, basi bei ikipanda nao hupanda. Hapo ndipo penye tatizo. Mnunuzi humwita dalali "ndugu yangu" na kumdhania kuwa mshauri wake, ilhali faida ya dalali iko upande wa pili wa mizani. Hilo halimfanyi kuwa mwizi. Linamfanya kuwa mtu ambaye maneno yake yanahitaji kuandikwa.

Lugha yenyewe yatukumbusha wajibu wake. Maneno "dalali" na "dalili" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuonyesha na kuongoza. Kwa asili ya jina lake, basi, dalali ni mwenye kuonyesha. Vivyo hivyo neno "aibu". Katika fikihi ya Kiislamu, aibu ni kasoro ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa kasoro hiyo ana hiari ya kuirudisha bidhaa. Waswahili walilichukua neno hilo wakalihamisha kutoka kwenye bidhaa hadi kwenye uso wa mtu. Kwetu sisi, aibu ni fedheha. Sidhani kuwa uhamisho huo ni wa bure: anayeficha ila ya chombo hujivika ila hiyo yeye mwenyewe.

Je, ni yapi yanayostahili kuonyeshwa? Mkuku ni mzima ama umeungwa? Mataruma ni yale yale ya awali ama mengine yamebadilishwa, na kwa mti gani? Mbao za chini zimetobolewa na wadudu wa baharini? Misumari imeliwa na kutu? Kalafati ilipigwa lini, na deheni ilipakwa mara ya mwisho msimu upi? Mlingoti, foromali na tanga vimo katika bei, ama vitabaki kwa muuzaji? Ikiwa chombo kina mashini, nambari iliyochongwa juu yake ni ipi? Mvuvi yeyote mzoefu huyajua maswali haya, na fundi wa kuunda vyombo kule Matondoni angeweza kuyaongeza maradufu.

Kuna pia suala la wakati. Chombo kilichokaa mchangani miezi kadhaa hunyauka, na mbao zake huachana. Kikishushwa majini siku ya kwanza huenda kikavuja, kisha mbao zikalowa, zikafura na kuziba. Kwa hiyo uvujaji wa siku moja si hoja tosha ya kukikataa, kama vile rangi mpya inayong'aa isivyokuwa hoja ya kukikubali. Sharti kielee siku kadhaa, kisha mtu mwenye kujua ashuke ngamani. Kiswahili kina kitenzi kimoja, "kueleza", chenye maana ya kufanya kitu kielee na vilevile maana ya kufafanua. Chombo na kielezwe majini kwanza. Ndipo kielezwe kwa maneno.

Sasa tuiangalie karatasi. Nimepata kuona kadhaa, na zote zafanana: aya mbili tatu za Kiingereza zilizonakiliwa kutoka kwa mkataba wa kuuza gari, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, nambari za vitambulisho, bei, na sentensi isemayo kuwa mnunuzi amekichukua chombo jinsi alivyokiona. Chombo chenyewe kimeelezwa kwa maneno mawili tu, yaani ni "mashua" na ni ya rangi fulani. Yale yote yaliyosemwa kwa Kiswahili fasaha pale ufuoni, ya mkuku na mataruma, yamepeperuka na upepo.

Athari yake si ndogo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilifuata sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, na msingi wake ni kuwa mnunuzi ajihadhari. Kwa jumla, dhamana ya ubora hutokana na sheria pale muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Mvuvi anayeuza mashua yake ya pekee si mfanyabiashara wa mashua. Isitoshe, mnunuzi akishakagua, ni vigumu kudai kasoro ambazo ukaguzi huo ungezifichua. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia mlango mmoja: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo. Maana yake ni kwamba, kwa mnunuzi wa chombo kilichotumika, maelezo ndiyo ngao. Karatasi isiyoeleza lolote haimkingi kwa lolote.

Zaidi ya ubora kuna umiliki. Mashua nyingi huwa na wenye zaidi ya mmoja: ndugu waliochanga, au warithi wa marehemu ambao hawajagawana mirathi. Dalali akimleta mmoja wao, karatasi iulize wengine wako wapi. Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016 inataka vyombo vya uvuvi visajiliwe. Basi jina la msajiliwa lilinganishwe na jina la muuzaji kabla fedha hazijatoka mkononi. Hayo nayo yaweza kuandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Najua kuna watakaonipinga. Wapo watakaosema kuwa mahakama ni ya Kiingereza. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Katika mahakama za chini, Kiswahili kinaruhusiwa na sheria. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya mauzo yasiyozidi shilingi milioni 1, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Mwenye karatasi ya Kiswahili haendi huko kuomba hisani.

Wapo pia watakaosema kuwa kuandikiana ni dharau, kwamba neno la muungwana latosha. Nauheshimu utamaduni huo. Hata hivyo, Uislamu, ambayo ni dini ya wengi wa mabaharia wetu, umeagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo, wala hakuna aliyesema kuwa agizo hilo lawavunjia waumini heshima. Tena karatasi humlinda dalali mwenyewe. Ikiwa aliitaja kasoro nayo ikaandikwa, hakuna atakayemgeukia baadaye na kumwita mwongo.

Pingamizi la tatu ndilo linalotuhusu sisi hasa: kwamba istilahi za chombo hutofautiana baina ya Kiamu, Kimvita na Kivumba, na kwamba vijana wengi hawazijui tena. Ni kweli, na ni lawama juu yetu. Mholanzi A. H. J. Prins alichapisha kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, tena kwa Kiingereza. Nasi, wanafunzi wa Kiswahili, tunazikariri methali za baharini ili tujibu maswali ya mtihani. Tunaweza kufafanua tamathali ya chombo katika ushairi kwa kurasa kumi, lakini mvuvi akituomba tumwandikie karatasi ya mauzo ya mashua yake, tunamtafutia mkataba wa gari wa kunakili.

Pendekezo langu ni dogo na latekelezeka. Chama chetu kikusanye, kwa kukaa na manahodha na mafundi wa kuunda vyombo, istilahi za sehemu za chombo kama zitumikavyo kila mahali, na tofauti zake zote. Kutokana nazo itungwe fomu ya kurasa mbili: sehemu za chombo na hali ya kila moja, vifaa vilivyomo katika bei, majina ya wamiliki wote, ujira wa dalali na nani anayeulipa, na muda wa kukijaribu chombo majini. Wenzetu wa kitivo cha sheria waipitie. Kisha ipelekwe kwa kamati za usimamizi wa fuo, bila malipo.

Mnunuzi wa mashua hanunui mbao tu. Ananunua riziki ya nyumba kadhaa, na siku ya tufani ananunua roho za watu waliomo ndani. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wazee. Tumwandikie basi mvuvi nyota yake kwa lugha anayoisoma.