Afya ya jamaa: Kapita asiyesikia kengele

Mmekwisha kuona mtoto wa miaka mitano au sita ambaye shavu linavimba upesi na meno yanalegea? Mmoja anasema: "Ni jino tu, muling'oe." Mwingine anasema: "Hapana, huyu mutoto wamemuloga," na nkambo anaanza kutazamwa vibaya. Inawezekana si jino, na uchawi si uchawi. Kuna kanseri inayofanya hivyo. Jina lake ni limfoma ya Burkitt.

Ili tuielewe, tuanze tumboni mwa mama. Kila mmoja wetu alianza kama selule moja tu, ndogo kupita punje ya chumvi. Ikagawanyika, zikawa mbili, nne, nane, mpaka mtoto mzima. Kila selule inabeba kitabu kilekile cha maagizo, ndizo jeni. Basi, kama kitabu ni kimoja, sababu gani hii inakuwa jicho na ile inakuwa mfupa? Ni kwa sababu kuna protini ambazo kazi yao ni kufungua ukurasa huu na kufunga ule. Ni sawa na makapita kazini: wao hawachimbi, wanaamuru nani achimbe, na wakati gani.

Kapita mmoja anaitwa MYC. Yeye anaamuru: "Ongezekeni!" Bila yeye mtoto hajengeki. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na MYC wanakufa tumboni mapema, mbele ya kuzaliwa. Lakini kengele ikilia, kapita mwema ananyamaza. Kanseri hii inaanza pale anapokosa kunyamaza.

Namna gani? Munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, Uganda, aliandika juu ya uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilometa 16 000, wakiuliza lopitalo kwa lopitalo. Wakaona ugonjwa unapatikana zaidi kwenye joto na mvua nyingi, kule malaria iliko. Mwaka 1964, Epstein na wenzake huko London waliona virusi ndani ya selule za uvimbe huo. Watu karibu wote wanavibeba bila shida. Lakini malaria ikirudi-rudi, selule zinazolinda damu ya mtoto zinaongezeka mno, na katika haraka hiyo kosa linaingia: kipande chenye MYC kinakatika na kuungwa mahali pengine, mara nyingi karibu na jeni ambazo selule hiyo haizizimi kamwe. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1982. Basi kapita anapiga kelele usiku na mchana, na uvimbe unaweza kuwa mara mbili kwa siku chache.

Mnaona? Kosa limetokea katika selule moja ya mtoto, kiisha kuzaliwa. Mama hakukosa kitu. Nkambo hana neno. Wala ugonjwa hauambukizi: watoto wengine wacheze naye tu.

Na kuna habari njema. Selule zinazogawanyika mbio hivi zinasikia dawa upesi. Katika nchi zenye vifaa, watoto karibu 9 kwa 10 wanapona. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, na sababu moja kubwa ni kuchelewa.

Kwa hiyo, shavu, jicho ao tumbo la mtoto likivimba upesi, musingoje wiki mbili mkitafuta mchawi. Mpelekeni lopitalo kubwa. Waganga watakata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa mikroskopi. Dawa ikianza, musiiache katikati kwa kuona uvimbe umepunguka. Na kila usiku, watoto walale chini ya chandarua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Mtoto akigonjwa kwetu, tunatafuta kwanza munganga, ao tunatafuta kwanza wa kulaumu?
2. Katika jirani yetu, nani amelaumiwa bure? Tutamwambia nini?