Waya wa Mafuta na Mkono wa Dereva

Muhula huu umezuka ubishi katika bweni letu, nao haujaisha hata sasa ninapoandika. Wenzetu waliorudi kutoka likizo walikuwa wameona pikipiki za mashindano katika simu za kaka zao, wakatuambia kwamba pikipiki hizo hazina waya wa mafuta: dereva akizungusha mpini, umeme ndio upelekao habari kwenye injini. Basi wakatangaza kuwa bodaboda zetu za Ifakara ni vyombo vya kale vya kuchekwa. Upande wa pili ukajibu kwamba pasipo waya dereva haisikii injini yake, na ya kuwa kompyuta haijui tope la Kilombero. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu.

Katika pikipiki nyingi ndogo waya hutoka mkononi moja kwa moja hata kwenye kabureta, na huko hufungua kilango cha hewa. Hewa ikiingia kwa wingi hufyonza petroli kwa wingi. Mkono ukilegea, springi hukirudisha kilango mahali pake. Sasa, mkono husikia nini? Husikia ugumu wa springi, na msuguano wa waya ndani ya ala yake, na ule mchezo mdogo wa milimita chache kabla waya haujakaza. Injini yenyewe mkono hauisikii kwa njia ya waya. Injini dereva huisikia kwa masikio, kwa miguu, na kwa makalio (wazazi wanisamehe neno hilo). Kwa hiyo hao wasemao kwamba waya ni ulimi wa injini wanausifu waya kwa kazi usiyoifanya.

Na hao wa umeme je? Mwaka 2006 kampuni ya Yamaha ya Japani iliuza pikipiki ya mashindano iitwayo YZF-R6, yenye injini ya sentimita za ujazo 599, ambayo vilango vyake vya hewa vilifunguliwa na mota ndogo kwa amri ya kompyuta. Jambo la kuchekesha ni kwamba waya ulikuwamo bado! Ulitoka mkononi ukaishia kwenye kihisi, nacho kihisi kikaiambia kompyuta mkono umezunguka kiasi gani. Sababu ya taabu yote hiyo ni kwamba injini izungukayo polepole ikifunguliwa hewa yote kwa ghafula hukabwa, kama mtu anayemeza tonge kubwa, na pikipiki hushtuka badala ya kwenda. Kompyuta hukifungua kilango kwa kipimo. Baadaye waundaji waliuondoa waya kabisa, lakini wakatia springi katika mpini ili mkono ukute uzito uliouzoea. Yaani huo usikivu wa mkono wanaougombania wenzangu ni kitu kinachotengenezwa na watu, kwa waya au kwa umeme.

Tena katika pikipiki nyingi za namna hiyo dereva aweza kuchagua mwendo wa mvua, ambao injini huitikia kwa upole, gurudumu lisiteleze. Nani anauhitaji upole huo kuliko mtu atokaye Lupiro wakati wa masika, na gunia la mpunga nyuma yake, juu ya udongo mweusi?

Mjomba wangu ni dereva wa bodaboda. Mwaka jana alikuwa amekwisha kuvuka Daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililofunguliwa mwaka 2018, akielekea mjini. Nyuzi za waya wake wa mafuta zilikuwa zimeanza kukatika moja moja, na siku hiyo zikakwama ndani ya ala. Akaachia mpini, injini ikaendelea kunguruma. Alikamata klachi, akazima kwa ufunguo, akasimama ukingoni mwa barabara huku abiria wake akilia. Pikipiki za umeme wa mkononi hutumia kwa kawaida vihisi viwili vinavyosahihishana. Vikipingana, kompyuta huipunguza injini nguvu. Waya wa mjomba haukuwa na wa kuusahihisha.

Lakini nusu saa baadaye fundi wa chini ya mwembe alikuwa amekwisha kutia waya mwingine, kwa koleo na bisibisi tu. Hapo ndipo shida yangu ilipo. Pikipiki za betri zinabeba abiria Kigali, Nairobi na Dar es Salaam, na mpini wake hutuma umeme, hauvuti kitu. Mota ya umeme hutoa nguvu nyingi tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, hivyo kipimo cha mpini ni jambo kubwa zaidi huko kuliko katika petroli. Naamini zitafika bondeni kwetu kabla ya hizo za mashindano, ambazo bei yake hatuiwezi.

Wakati wa likizo nilimweleza fundi yule habari za kihisi. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, “Sasa mwanangu, hicho kikiharibika nitakijuaje?” Nilinyamaza. Nimefanya hesabu za ukinzani wa umeme tangu kidato cha pili, na alama zangu si mbaya, lakini sikuwa na la kumjibu. Niliporudi shuleni mwalimu wetu wa Fizikia alinionyesha kwamba vihisi vingine vya namna hiyo ni ukinzani tu unaobadilika mpini unapozungushwa, nao hupimwa kwa mita ileile iliyo katika kabati la maabara yetu. Ile yenye sumaku hupimwa voltiji yake, kwa mita hiyohiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Mkuu wa Shule na kwa wazazi ni hili: maabara ifunguliwe Jumamosi moja kila mwezi kwa mafundi wa pikipiki wa Ifakara. Sisi tutawaonyesha mita, nao watatuonyesha jinsi ya kufungua kabureta, maana katika bweni zima hakuna anayejua, hata hao wanaozicheka.