Mtu Mzima na Akili Isiyotulia: Apimwe, Anunue Dawa, au Avumilie?

Barua ya wiki hii imetoka Same mjini, nasi tumeifupisha bila kuigusa maana. Aliyeiandika ni mwanamume wa miaka 36, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mke na watoto wawili. Ameanzisha biashara nne maishani mwake na kuziacha tatu zikiwa nusu, mojawapo ni ya kununua tangawizi Mamba Miamba. Madaftari ya madeni huyafungua kwa bidii, na baada ya wiki mbili hajui hata yalipo. Mara mbili amepokea fedha za mteja za mabati akasahau kuyaagiza. Mkewe alikwisha kurudi kwao Gonja mara moja, akisema amechoka kuishi na ahadi.

Sasa ndugu yake aliyeko Uingereza amepimwa na kliniki binafsi kwa njia ya video, akaambiwa ana tatizo ambalo madaktari huliita kwa herufi ADHD, akaandikiwa dawa. Anamhimiza naye apimwe, na anasema dawa zikikosekana huku atamtumia sehemu ya zake. Fedha alizonazo msomaji wetu ni ada ya binti yake. Mama yake anasema ni jini, mkewe anasema ni uzembe. Naye anauliza kama aende kwa daktari binafsi wa jiji, au kama kufanya hivyo ni kujidekeza.

Tuanze na hilo la kujidekeza. Upungufu wa umakini na utukutu uliokithiri ni tatizo la ukuaji wa ubongo, linaloanza utotoni. Zamani ilidhaniwa kuwa mtoto akikua humwisha. Wengine huwaisha kweli, lakini kwa wengi hubadilika sura tu: mtoto aliyekuwa akikimbia darasani huwa mtu mzima ambaye mwili umetulia na akili ndiyo inayokimbia. Hukadiriwa kuwa watu wazima wawili au watatu katika kila 100 wanaishi nalo. (Wanawake husahauliwa zaidi, kwa sababu binti mwenye tatizo hili mara nyingi hasumbui mtu. Huitwa mzubaifu, akaachwa hivyo.) Anayeuliza jambo kama hili baada ya biashara tatu kuanguka hajidekezi.

Lakini si kila anayesahau ana ADHD. Kufiwa, madeni, sonona, usingizi mbovu, upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingoni vyote huweza kumfanya mtu asahau na asimalize jambo. Ndiyo maana vipimo vya kitaalamu vina masharti. Kwa mujibu wa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano katika fungu moja, ziwe zimedumu, zionekane mahali zaidi ya pamoja, ziharibu maisha yake, na baadhi yake ziwe zilikuwapo kabla hajafikisha miaka 12. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kutoa jibu hilo. Linalopimwa ni historia ya mtu.

Hapo ndipo sentensi moja ya barua hii, iliyoandikwa kama kwa kupita tu, ilipotugusa. Anasema alipokuwa na miaka tisa, kule Mbaga, alitumwa alfajiri kwenda kufungua maji ya ndiva kwa kuwa ilikuwa zamu ya shamba la kwao. Njiani aliona nyuki wakiingia katika gogo, akakaa kuwatazama. Zamu ikapita, mahindi ya jirani yakanyweshwa, naye alichapwa. Anasema ilitokea zaidi ya mara moja. Wasomaji wa milimani hawahitaji kuelezwa maana ya zamu ya ndiva katika mwaka wa ukame. Tukio kama hilo ndilo daktari anayejua kazi yake atakalolitafuta, na mwenye kulithibitisha ni mama, huyohuyo anayesema ni jini. Basi asibishane naye. Amsomee dua na yeye asomewe, hapana ubaya, kisha amwombe afuatane naye hospitalini kueleza utoto wake. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, walijibiwa wajitibu. Dua na dawa havijawahi kugombana.

Sasa hizo kliniki za video. Mwezi Mei 2023 televisheni ya BBC ilionyesha uchunguzi wa kipindi chake cha Panorama. Mwandishi wao alipimwa na kliniki tatu binafsi za Uingereza kwa njia ya mtandao, zote tatu zikamwambia ana ADHD. Daktari bingwa wa huduma ya taifa alipompima kwa saa kadhaa, ana kwa ana, alimwambia hana. Wapo waliolalamika kuwa kipindi kile kiliwavunjia heshima wagonjwa wa kweli, na malalamiko yao yana uzito, kwani foleni ya huduma ya umma kule ni ya miaka na ndiyo inayowasukuma watu kulipa. Hatusemi ndugu wa msomaji wetu amedanganywa. Tunasema kwamba malipo hayahakikishi ubora wa kipimo, na kwamba daktari anayekupa jibu kwa nusu saa bila kuuliza utoto wako, moyo wako na usingizi wako, awe wa Dar es Salaam au wa London, hajakupima.

Ushauri wetu basi: apimwe, ila asianzie kwa daktari binafsi wa jiji. Aanze na hospitali ya wilaya hapo Same, apimwe shinikizo la damu, damu na tezi, kisha aombe rufaa kwenda Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, na safari yake kutoka Same ni ya kilomita mia moja na kidogo. Neno "akili" lisimtishe. Wapo wanaoogopa kuonekana kwenye mlango huo kuliko wanavyoogopa kufilisika, na sisi hatuielewi hesabu hiyo. Daktari binafsi ana faida yake: foleni fupi na faragha. Kwa mwenye uwezo si vibaya. Kwa mwenye ada ya mtoto mkononi, njia ya rufaa ijaribiwe kwanza.

Kabla ya safari, Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la maswali sita kwa watu wazima: kumalizia kazi, kupanga mambo, kukumbuka miadi, kuahirisha kazi ya kufikiri, kuchezacheza mikono au miguu, na kujihisi kama unaendeshwa na injini. Dodoso hilo humsaidia daktari kujua pa kuanzia, lakini halitoi hukumu.

Kuna sentensi ya pili aliyoipitisha haraka. Siku za kuhesabu mali dukani hutafuna mirungi, kwa sababu "ndipo akili inapotulia". Tumeisoma mara kadhaa. Mirungi ina kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini, na baadhi ya dawa za ADHD ni za ukoo huohuo wa vichangamshi. Kwa hiyo anachokihisi si ndoto. Lakini si ushahidi kwamba ana ADHD, maana vichangamshi huwapa watu wengi kuhisi wamekazana, wagonjwa na wazima. Tofauti ni kwamba mfungo wa mirungi hauna kipimo, humnyima usingizi, na usingizi ukikosekana kusahau huongezeka. Tena sheria ya Tanzania inaikataza, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kupanda milima hiyohiyo ya Same kung'oa mashamba yake. Daktari lazima aambiwe habari hii bila kufichwa. Kichangamshi cha hospitali juu ya mirungi ni mzigo mara mbili kwa moyo.

Na vidonge vya ndugu yake avikatae kwa upole. Methailifenideti, ambayo ndiyo hutumiwa sana, iko katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Kuipitisha mpakani ndani ya kifurushi, kwa jina la mgonjwa mwingine, ni kumtafutia kesi anayetuma na anayepokea.

Je, dawa yenyewe ina faida? Kwa wengi waliopimwa sawasawa, ndiyo: huongeza dopamini inayosaidia ubongo kushika jambo hadi mwisho. Huweza pia kupunguza hamu ya kula, kuharibu usingizi, kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Haimfundishi mtu kuandika daftari. Hata kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 na tena 2021, haikukubali kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu, ikitaka ushahidi zaidi. Wala si dawa utakayoikuta katika kila duka la dawa. Basi msomaji wetu aulize kabla ya kidonge cha kwanza: inapatikana wapi, kwa bei gani kila mwezi, na bima yake inaigusa? Dawa ya miezi miwili iliyokatika kwa kukosa fedha itamrudisha palepale, na ada imekwenda.

Kuhusu Ramadhani: vipo vidonge vya muda mfupi vinavyomezwa mara mbili au tatu kwa siku, na vya muda mrefu vinavyomezwa mara moja, ambavyo huenda vikafaa wakati wa daku. Daktari aamue kwanza kama mwili utastahimili, kisha aulizwe sheikh. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, na si ya kujikatia mwenyewe pembeni.

Mkewe tunamwambia hivi, kwa heshima: shemeji, fuatana naye chumba cha daktari. Wewe ndiwe unayeyaona ya nyumbani, naye hatayakumbuka yote. Likithibitika au lisithibitike, daftari la madeni liwe mkononi mwako kuanzia leo, na oda ya mteja ipigiwe simu papo hapo, fedha zikiwa bado juu ya meza. Swala tano zimekwisha kuigawa siku. Kila baada ya Adhuhuri na Alasiri lipitieni daftari pamoja, dakika kumi tu.

Na yule mteja wa pili wa mabati, ambaye barua haisemi kama amerudishiwa fedha zake: alipwe kabla tiketi ya Moshi haijakatwa.