Kidonge kimoja, dawa mbili

Ndugu mfanyakazi, kidonge ulichopewa kwa maumivu ya mgongo huenda kina dawa mbili ndani: parasetamoli pamoja na kodeini, ao parasetamoli pamoja na tramadoli. Ukikimeza, kisha ukaongeza parasetamoli ya duka la Sange, umerudia dawa ile ile. Mtu mzima asipite grama 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akipita, ini linaharibika, na kwa siku ya kwanza anaweza kujisikia mzima.

Kodeini na tramadoli ni za ukoo wa morfini. Zinaleta usingizi, pamoja na pombe (na kasiksi ni pombe, tusidanganyane) pumzi inaweza kukatika mtu akiwa amelala. Ukiona zinakulevya, usishuke shimoni, usiguse mashine. Mwambie kapita wako. Naye kapita, kwa maoni yetu, asimhesabu mvivu mtu aliyesema kweli.

Mama, usimkatie mtoto nusu ya kidonge cha baba. Tangu 2013 Ulaya imekataza kodeini ya maumivu kwa watoto chini ya miaka 12, na kwa mama anayenyonyesha. Vilivyobaki virudishe dispansari.