Saa feki ya baba na betri inayomezwa

Jumapili iliyopita, kwenye shughuli ya kifamilia hapa Nyamisangura, nilikaa na kaka mmoja aliyevaa saa kubwa nyeusi iliyoandikwa Rolex Submariner. Aliinunua kwa machinga. Anajua ni feki, na wala hajali. "Dada, ukiivaa watu wanakusikiliza," aliniambia huku binti yake wa miaka 2 akiichezea.

Simlaumu. Submariner ilianza kutengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya wapiga mbizi, na zile za zamani leo zinauzwa mamilioni ya shilingi. Ni saa ya kumrithisha mtoto. Nani asiyetamani?

Ila kuna tofauti moja inayomhusu mzazi. Saa halisi ya aina hiyo haina betri. Springi yake hujikaza kwa mwendo wa mkono. Feki nyingi za bei rahisi zinatumia betri ndogo ya duara. Ikiisha, baba anafungua kwa kisu, betri inabaki mezani, au saa mbovu anapewa mtoto achezee.

Betri hiyo ikikwama kooni, puani au sikioni, umeme wake unaunguza nyama hata kama haijavuja. Zile pana zaidi, kama za rimoti ndogo na mizani, ndizo hatari zaidi kooni: ndani ya masaa 2 tu zinaweza kumjeruhi mtoto vibaya.

Dalili ni kutokwa udenda, kukohoa, kukataa chakula, kutapika au maumivu ya kifua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote.

Ukihisi amemeza, usisubiri itoke chooni na usimtapishe. Mwahishe kwenye hospitali yenye eksirei na utaje neno "betri", maana kwenye picha inafanana na sarafu. Kama ana zaidi ya mwaka 1 na anaweza kumeza, mpe vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Asali isiwacheleweshe kuondoka. Wa chini ya mwaka 1 usimpe kabisa. Ikiwa iko puani au sikioni, usitie maji wala dawa ya matone.

Nilipomaliza kumweleza, yule kaka aliivua saa na kuigeuza. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeshikiliwa na selotepu.

Mzazi mwenzangu, leo jioni geuza na ya kwako.